Nimeteuliwa Kumsaka Mlisha Bata, Naye ni Mimi

Mpendwa Shangazi Dorcas,

Naomba msaada wako, na ukicheka nimekuruhusu, maana mimi mwenyewe nimeshajicheka hadi nikaona haya. Ni mwanamume wa miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu wa jiografia, naishi peke yangu tangu mke wangu aliponiacha kwa sababu ambazo alizieleza vizuri sana, nina nyumba ndogo inayotazama uwanja wa kijiji, na leo hii siwezi kutokea mlango wangu wa mbele kwa sababu bata wananingoja.

Nianze na uwanja ndipo utanielewa. Uwanja huu ni wa kijiji na sisi wenyewe ndio tunaoutunza, hakuna anayetulipa wala anayetutuma, upande mmoja nyasi tunazikata fupi kwa ajili ya kriketi na watoto na wale wapendao kulala chali Jumapili, upande wa pili tunaziacha zifike kiunoni ili maua na nyuki na vyura wapate pa kuishi, na katikati ya hizo ndefu kuna njia moja nyembamba iliyokatwa kwa mashine, inayokwenda ikipindapinda mpaka bwawani. Mwisho wa Julai tunakuja wote na mafyekeo na reki, tunafyeka, tunazoa nyasi, tunakula pamoja juu ya mablanketi, halafu tunafanya mkutano wa mwaka ambapo tunagombana kwa adabu.

Anayeikata hiyo njia ni jirani yangu Hester, mjane, nyumba yake iko ng'ambo ya kichochoro kutoka kwangu. Kila mwaka majani yanapoanza kuchipua huingia mle kwa miguu kwanza, ameinama, anatazama maua ya okidi yametokea wapi na ndege ametaga wapi, ndipo anawasha mashine na kuipitisha njia pembeni yao. Tangu mumewe afariki hiyo ndiyo kazi yake ya jioni, unasikia mashine inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena, na ukisikia imenyamaza ujue kuna chura anavuka.

Kosa langu lilianza kwa heshima, Shangazi. Majira ya baridi ya mwaka juzi niliteleza kwenye barafu nikavunjika kifundo cha mguu, na Hester akaniletea mkate aliouoka mwenyewe, mkate wa kahawia wenye mbegu za kisibiti, umefungwa kwenye kitambaa cha bluu, nikakata kipande, nikatafuna, nikaendelea kutafuna, nilitafuna taarifa yote ya habari mpaka hali ya hewa, na kesho yake aliponiuliza, "Umeuonaje?" nikamjibu, "Hester, sijawahi kula mkate kama huu," jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. Sasa huku kwetu ukikisifia kitu umefunga nacho ndoa. Tangu siku hiyo kila Jumamosi ananiletea mkate, mimi peke yangu, hamwokei mtu mwingine kwa sababu anasema wengine hawajui kuthamini mkate wenye uzito, na kila Jumamosi namrudia sentensi ile ile, na mguu ulishapona zamani.

Kuutupa sikuweza, kwa sababu ndoo za taka tunaziweka kichochoroni na Hester hupita hapo na mbwa wake, na yule mbwa ana pua. Niliufukia bustanini, mbweha akaufukua, akaonja, akauacha katikati ya njia kama mtu aliyerudisha bidhaa dukani. Ndipo nikafikiria bwawa. Mkate wa kwanza ulizama moja kwa moja, wa pili nikaulowesha kwenye beseni, nikaukatakata, bata wawili wakaja wakala, na kwa kuwa hawakufa wakarudi na jamaa zao.

Na nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu, nilifurahi. Asubuhi nikifungua mlango nawasikia wananiita, nikitembea wananifuata, nikisimama wanasimama, na mimi sijangojewa na kiumbe chochote kwa miaka mingi, hata wanafunzi wangu walikuwa wakiningoja nichelewe. Kwa hiyo jambo lililoanza kama njia ya kuficha mkate likawa ndilo jambo la kunitoa kitandani.

Hapa sasa inabidi nikwambie kwamba mimi ni katibu wa kamati ya uwanja. Kile kibao cha bwawani, TAFADHALI USILISHE BATA, MKATE UNACHAFUA MAJI, nimekiandika mimi kwa mkono wangu, na picha ya bata nimeichora mimi, ingawa watoto wanadhani ni birika. Wala usidhani sikujua ubaya wake. Mkate ukioza maji yanageuka kijani, bata wakizidi wanakula viluwiluwi wote na kung'oa majani ya majini, na wale mijusi wa bwawani wenye ushungi mgongoni, ambao watu husafiri kutoka mbali kuja kuwaona, wanakosa pa kutagia. Haya yote niliwafundisha watoto wa shule walipotutembelea, nikiwa na makombo mfukoni.

Mwaka huu maji yaligeuka kama supu ya njegere. Tulipohesabu mijusi tulipata mmoja, naye alionekana kama mtu anayefunga mizigo. Philippa, mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu ambaye hata leo akikutazama unaficha mikono, akaitisha kamati.

"Kuna mtu anatuhujumu," akasema. "Clement, kibao ni chako. Mtafute huyo mtu."

"Mimi?"

"Nani mwingine anayelijali bwawa kama wewe?"

Kikulacho ki nguoni mwako, Shangazi, lakini mimi ndiye niliyekuwa ndani ya hizo nguo na bado nikapewa tochi nijitafute. Ningesema pale pale ningepona. Badala yake nikapanga zamu za ulinzi, na ile ya alfajiri, ambayo watu wote waliiogopa kwa baridi, nikaichukua mwenyewe, wakanipigia makofi. Unadhani niliacha? Nilipunguza. Niliwaeleza bata kwamba hali imebadilika, wakaniangalia tu.

Kilichotuumbua ni ule ugumu. Philippa alikuta ganda la mkate limenasa kwenye matete, limekaa majini siku nyingi na halijalainika, akalileta kwenye mkutano wa ukumbini ndani ya kopo la jemu, akalipitisha mkono kwa mkono kijiji kizima.

"Tazameni vizuri," akasema. "Kuna mtu hapa anaujua mkate huu."

"Huo mkate?" akauliza Barnaby wa baa. "Mimi nilidhani tofali. Mwiteni fundi mwashi."

Watu wakacheka, nami nikacheka zaidi yao wote, na hicho kicheko bado nakisikia. Kopo likamfikia Hester. Akalifungua, akanusa, akaligeuza lile ganda kwenye mwanga, kisha akainua kichwa akaniangalia, nadhani alikuwa anatafuta miwani yake, ingawa alikuwa ameivaa. Halafu akasimama.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe, Hester?" Philippa akauliza. "Wewe unayesimamisha mashine kwa ajili ya chura?"

"Mimi. Niliwaonea huruma. Mkate ni wangu, mnaweza kuulizana, hakuna mwingine anayeoka hivi."

"Mungu ashukuriwe," akasema Barnaby, na safari hii hakuna aliyecheka.

Hester akatoa ufunguo wa kibanda cha mashine kwenye mkoba wake, akauweka mezani, akasema si haki aendelee kushika kazi ya uwanja baada ya hayo. Watu wote wakanigeukia mimi, mpelelezi, waone nitasema nini. Nikasimama, Shangazi, nikafungua kinywa hiki hiki nilichopewa na Mungu, nikasema, "Asante kwa ushirikiano wako, Hester."

Asante kwa ushirikiano wako. Nayasema maneno hayo nikipiga mswaki. Nayasema nikivaa soksi.

Sasa hali ndiyo hii. Hester haonekani tena uwanjani, jioni mapazia yake yanafungwa mapema, na mbwa wake siku hizi anamtembezea kule barabara ya juu. Njia imezibwa na nyasi. Ufunguo nimepewa mimi, na nilipojaribu kukata njia mpya nilizunguka kwenye nyasi nikatokea pale pale nilipoanzia, wageni wa Jumapili wakapita humo mara tatu wakiuliza bwawa liko wapi, wengine wakachoka wakakata katikati na kuzikanyaga okidi. Philippa anastaafu uenyekiti na amenipendekeza mimi nishike nafasi yake, eti kwa sababu nilishughulikia jambo gumu kwa utulivu, na kura ni siku ya kufyeka, Jumamosi. Bata nao wamenigeuka mashahidi. Tangu siku ya kikao sijawapa kitu, lakini nikipita na wageni wananifuata mstari mmoja wakipiga kelele, na Philippa anasema, "Tazama wanavyompenda, wanajua nani mlinzi wao."

Na Hester, utashangaa, hajaacha mkate. Jumamosi ya kwanza baada ya mkutano alibisha hodi kama kawaida na kitambaa chake cha bluu, akasema, "Huu nimeutia maziwa, Clement. Labda utashuka kooni." Nikamwambia sijawahi kula mkate kama huu. Akacheka kidogo, akabaki amesimama mlangoni, hasemi kitu wala haondoki, nikawaza labda anangoja kitambaa cha wiki iliyopita, nikakimbia kukileta, nikamkabidhi. Akaenda zake. Mikate minne imejipanga kwenye tanuri langu sasa na sijui niipeleke wapi.

Nifanye nini, Shangazi? Nikisema kweli, itabidi niseme mkate ulitoka wapi, na Hester atajua kwamba miaka yote hii sikuula, na moyo wake utavunjika, mwanamke ambaye hajanitendea ila wema. Nikinyamaza, nitakuwa mwenyekiti. Pia sielewi kabisa kwa nini alikiri kosa ambalo hakulifanya, labda uzee, labda naye huwalisha kwa siri na mimi sijui. Nipe njia ya kuungama ambayo haitamjulisha jambo la mkate, kama ipo. Na samahani kwa urefu wa barua.

Ni mimi,
Mlinzi wa Bwawa

Nyongeza: majina yote nimebadilisha ili tusijulikane. Bata ni wale wale.

*

Shangazi Dorcas anajibu:

Bwana Clement, kwa kuwa ndivyo ulivyochagua kujiita,

Nimecheka, uliniruhusu. Nimemaliza. Sasa kaa kitako.

Unaniuliza jinsi ya kuungama bila Hester kujua kwamba mkate wake hukuula. Mtu mzima ovyo wewe. Hester anajua. Anajua tangu aliponusa lile ganda ukumbini. Hebu rudia ulichoniandikia kwa mkono wako: anaoka mkate ambao hakuna mwingine anayeuoka, na anampa mtu mmoja tu duniani. Ulitaka atumie darubini? Hakuinua kichwa kutafuta miwani, bwana, alikuwa anakutazama wewe, na wewe ulikuwa unacheka kuliko watu wote.

Fikiria alikuwa na muda gani pale. Kopo liko mkononi, kijiji kinangoja. Angeweza kusema, "Mkate huu nampa Clement," na maneno hayo yangekuwa kweli, na wewe leo ungekuwa unaishi kwa dada yako, kama unaye. Katika pumzi ile ile aliyojua kwamba alichokuokea kwa miaka miwili kimeliwa na bata, aliamua kukufunika. Haukuwa uzee wala siri. Alikuona umesimama mbele ya watu na tochi yako, akakuonea huruma, kama alivyosema. Wewe ulidhani anasema habari za bata.

Na wewe ukamshukuru kwa ushirikiano.

Halafu akaja Jumamosi na mkate wa maziwa. "Labda utashuka kooni." Sijui angesema waziwazi kiasi gani tena, labda angeleta tarumbeta. Alikufungulia mlango ili wewe useme, akasimama pale akingoja, na wewe ukampa kitambaa. Nilipofika hapo kwenye barua yako niliiweka chini nikaenda kuchemsha maji ya chai ili nisikuandikie lugha mbaya.

Nyinyi watu wa huko mna ugonjwa, na nausema kwa sababu nami nimezaliwa nao. Mtu akitukanyaga mguu, sisi ndio tunaoomba radhi. Mkate ni mgumu, tunasema ni wa ajabu. Jirani amefanya kosa, tunaandika kibao chenye neno tafadhali na kukisimika kwenye matope, ili tusimtazame usoni. Ungemwambia Hester siku ile ya kwanza, "Jirani, asante sana, ila meno yangu hayauwezi," angecheka, angeongeza maji, na leo bwawa lingekuwa safi. Heshima yako imemgharimu kila mtu isipokuwa wewe, maana wewe imekuletea uenyekiti.

Kuhusu bata kukungoja, hapo sikucheki. Najua nyumba ya mtu mmoja inavyokuwa asubuhi. Lakini ona ulivyo kipofu. Kila Jumamosi kulikuwa na mtu anavuka kichochoro kuja kubisha hodi kwako, ameamka mapema, ameukanda unga, ameungoja tanurini, na wewe ulikuwa unautoa huo mkate kununulia urafiki wa bata. Siwezi kukuahidi kwamba anakupenda. Huenda anapenda kuoka na hana mwingine anayedanganyika. Lakini alikuja, mwanangu, na bata walikuja kwa ajili ya mkate.

Jambo jingine, nalo ndilo zito. Unajua kuchekesha. Barua yako ni ndefu na nimeifurahia karibu yote, na katika urefu wote huo neno samahani limetokea mara moja, tena umeniomba mimi, kwa kunichosha macho. Hester hukumwomba hata kwenye karatasi ambayo hatakuona ukiiandika. Kujicheka ni kuzuri, lakini wewe umekufanya pazia. Unajipiga kofi dogo la mzaha mbele ya watu ili mtu asije akakupiga la kweli. Basi ukienda kwa Hester, utani wote uache nyumbani, pamoja na soksi na mswaki na mbweha. Sitaki umchekeshe. Akicheka mwenyewe ni baraka yake.

Sasa sikiliza utakavyofanya.

Jibu hili nimekutumia nyumbani kwa posta, utalipata Jumanne. Gazeti litatoka Alhamisi. Nimefanya hivyo makusudi. Ningeweza kukujibu kwa faragha na jambo likaishia hapo, lakini nimeona ukipewa faragha unaitumia kulisha bata. Umebadilisha majina, hilo ni jema, lakini mkate hukuubadilisha. Mkate wa kahawia, kisibiti, kitambaa cha bluu, na ganda lisilolainika majini: Alhamisi mchana kijiji chako chote kitakuwa kinasoma ukurasa huu kwa sauti pale baa kwa Barnaby, au kwa yeyote uliyempa jina hilo. Hester hapaswi kuyasoma haya kabla hujamwambia mwenyewe. Kwa hiyo una Jumatano nzima, tena nimekuwa mkarimu.

Jumatano asubuhi toka kwa mlango wa mbele. Bata wakikufuata waache wakufuate, kijiji kione. Vuka kichochoro, bisha, na kabla hajakukaribisha wala kukuuliza habari ya mguu, sema hivi: "Hester, ni mimi niliyelisha bata, kwa mkate wako. Niliuogopa ukweli mdogo nikakuachia ubebe aibu kubwa. Nisamehe." Basi. Usitie "ila." Usitie "lakini." Usimweleze jinsi mkate ulivyokuwa mpaka akuulize, na nakuhakikishia atakuuliza.

Jumamosi ya kufyeka, simama kabla ya kura. Usingoje ajenda ya mengineyo, nawajua nyinyi, mengineyo yenu hufika wakati watu wameshakunja mablanketi. Waambie wote, kwa sauti ile uliyoitumia kumshukuru. Mwombe Hester radhi mara ya pili mbele ya wale wale walioyasikia maneno yale ya ushirikiano, kwa sababu aibu aliyoivaa aliivaa hadharani. Ufunguo wa kibanda mpe mkononi, wala usiuweke mezani auokote mwenyewe. Uenyekiti ukatae. Ukisema hakuna mwingine wa kuushika, angalia nani anayejua njia ya uwanja huo ipite wapi, kisha mpendekeze, naye akikataa ni haki yake.

Bata watakununia wiki mbili tatu kisha watatafuta bwawa lenye mjinga mwingine. Wewe utavaa mabuti marefu, utaingia majini na reki, na matope yote ya mkate utayatoa mwenyewe, mwaka mzima ikibidi, na wale mijusi wakirudi hutaandika taarifa ya kujisifu. Watu watakutania. Barnaby atakuita Bwana Bata mpaka uzikwe. Itikia. Adhabu nyingine hawatakupa, kwa sababu wakishamaliza kucheka watakumbuka kwamba nao walimwacha mjane aweke ufunguo mezani na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la pili.

Huenda Hester akakufungia mlango Jumatano. Ikiwa hivyo umestahili, rudi kwako, na kesho yake bisha tena. Lakini akikwambia uingie, ingia, na akikata mkate kula mbele yake, na ukiwa mgumu mwambie ni mgumu. Mwanamke huyo amekupa uwanja wake mzima ili usiaibike, usimnyime neno dogo la kweli.